Umeme Ukirudi

Jirani yetu, yule tunayemwita Mama Tangazo kwa kuwa habari ikiingia sikioni mwake haikai hata ipoe, anadai kwamba shangazi yangu alikuwa kwenye simu. Anasema shangazi aliibana simu kati ya sikio na bega, anacheka na mwanamume asiyejulikana, simu ikateleza ikatumbukia kwenye mashine ya kukandia unga, naye akaingiza mkono kuiokoa. "Simu, jamani!" anasema, huku amejishika kiuno. "Mtu mzima na akili zake anapoteza vidole kwa ajili ya simu!" Ameisimulia bombani, ameisimulia kwa mshona nguo, na kila akiisimulia upya yule mwanamume wa kwenye simu anazidi kuwa kijana.

Siku hiyo simu ya shangazi ilikuwa nyumbani, juu ya kabati, inachajiwa. Mimi ndiye niliyeichomeka asubuhi. Nilimwambia Mama Tangazo hivyo mbele ya watu, akanitazama kwa huruma na kusema, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nyumba ile, lazima utetee." Nikaondoka na ndoo yangu nusu. Ningebaki mpaka ijae ningemmwagia.

Lakini uongo wa Mama Tangazo hauniumizi sana. Una chumvi, una pilipili, kila mtu anajua umepikwa wapi. Ulionichemsha damu ni ule mwingine, uliosemwa kwa sauti ya upole na mtu aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri, watu wazima wakatikisa vichwa kukubali.

Mimi na shangazi tunafanya kazi kiwanda kimoja cha mikate. Yeye alikuwa kwenye kukanda, mimi niko kwenye kufungasha. Katikati yetu kuna ukuta wenye uwazi mpana ambako trei hupitishwa, kwa hiyo siku nzima nilikuwa namwona. Na siku ile nilimwona.

Mashine ya kukandia ni pipa la chuma pana kuliko mikono ya mtu, lina kulabu nene inayozunguka ndani yake, na juu limefunikwa kwa mfuniko wa wavu. Unga ukikandwa hushika kwenye kuta za pipa. Ukikauka unakuwa vipande vigumu, na vipande vikiingia kwenye mkate, wateja wanaurudisha wakilalamika wameng'oka meno. Kwa hiyo ni lazima pipa likwanguliwe. Lakini lini? Pale kiwandani kusimamisha mashine katikati ya zamu ni dhambi kuliko wizi. Msimamizi anakuja mbio akiuliza nani amekufa. Zamu ikiisha, zamu nyingine inamwaga unga wake papo hapo. Basi wanawake wa kukanda walijitafutia muda wao: umeme ukikatika. Na umeme wenyewe unakatika kama kikohozi cha mzee. Taa zikizimika tu, ungesikia mifuniko inafunguliwa, kwa, kwa, kwa, na wote wameinama ndani ya mapipa na vikwangulio vyao, wanakwangua na kusengenya na kucheka. Ndiyo yalikuwa mapumziko yao. Kila mtu alijua. Msimamizi alijua; vikwangulio alivinunua yeye.

Zile mashine za zamani, umeme ukirudi zilikaa kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. Mashine mpya, ile ya shangazi, ilikuwa na akili. Siku ile taa zilizimika, shangazi akafungua mfuniko, akaingiza mkono na kuanza kukwangua upande wa chini, ule wenye kazi. Alikuwa anamwambia mwenzake jambo kuhusu harusi ya mtu. Umeme ukarudi. Mashine haikumngoja mtu yeyote. Iliendelea.

Sauti niliyoisikia sitaiandika hapa.

Madaktari waliokoa mkono. Vidole viwili havikuokoka, na vilivyobaki vimekaa kama vya mtu mwingine.

Sasa lazima niseme mashine ilipata wapi akili ya kuendelea yenyewe, kwa sababu mashine haizaliwi na akili. Inaandikiwa.

Shangazi ana mtoto mmoja. Kwangu ni binamu, ila tumekula sahani moja tangu wote tunatambaa, kwa hiyo namwita kaka. Mimi niliishia shule ya msingi. Yeye aliendelea, akaendelea, hadi tukawa tunamwona kwa nadra, amevaa miwani. Kazi yake iko kwenye kampuni inayotengeneza mashine. Yeye hachongi, hafungi nyaya. Anaandika. Kabla chuma hakijakatwa, lazima mtu akae na mteja na kuandika kwa maneno yaliyo wazi mashine itafanya nini: likitokea hili ifanye hivi, likitokea lile ifanye vile. "Fundi hasomi kilicho kichwani mwa mteja," alitueleza wakati mmoja. "Anasoma kilichoandikwa. Nikisahau kitu, mashine nayo haikijui." Shangazi alifurahi kwa maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi. Kwa hiyo tajiri wa kiwanda alipotaka mashine mpya, shangazi alivua aproni, akapanda ofisini na kumwambia: mwanangu ndiye anayeandika mambo hayo.

Kaka akapewa. Jumapili alikuja nyumbani, akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula na kutusomea alichoandika. Nilipenda kusikiliza. Yalikuwa maneno makavu, lakini ukiyafuata unaiona mashine inajengeka. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha, mashine ikague kwanza mfuniko. Ukiwa wazi, isizunguke. Shangazi akasema, "Hapo sawa." Kisha akasoma pale ambapo tajiri alipasisitiza mwenyewe: umeme ukikatika, mashine ikumbuke ilipofika, umeme ukirudi, iendelee bila kungoja mtu, ili unga usiharibike.

Kaka akasimama hapo. "Mama, umeme ukikatika nyinyi huwa mnafanya nini?"

"Tunakwangua mapipa."

"Mnafungua mifuniko?"

"Sasa tukwangue kupitia matundu ya wavu, sisi ni panya?"

Tulicheka, mimi na shangazi. Kaka hakucheka. Alisema, "Basi lazima niongeze. Umeme ukirudi, ikague mfuniko kwanza. Ukiwa wazi isizunguke, hata kama ilikuwa katikati ya kazi." Akaiandika palepale. Nilimwona akiandika.

Shangazi ndiye aliyebadilika uso. "Usije ukamwambia tajiri kwamba tunafungua. Ukutani imeandikwa marufuku. Atatufukuza wote."

"Sitamwambia, mama. Ni sentensi tu."

"Na akikuuliza sentensi ya nini?"

Tajiri hakuuliza. Aliyeuliza ni meneja wa kiwanda. Katika kikao cha kukubaliana maandishi, meneja alipitisha kalamu mstari kwa mstari, akafika pale na kusema kila kitu kinachoongezwa kinarefusha kazi, sasa hiki cha nini? Nani atafungua mfuniko umeme umekatika, wakati ni marufuku? Kaka alimkumbuka mama yake, akatazama chini. Akasema labda hakihitajiki. Akakifuta mwenyewe. Jumapili iliyofuata alituambia, na shangazi akamwambia, "Umefanya vizuri, baba." Akamwongezea chakula.

Ndivyo ilivyokuwa. Jambo ambalo lilitokea kila siku mbele ya macho ya watu wote liliondolewa kwenye maandishi kwa kuwa lilikatazwa ukutani, na mashine ikatengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wasiokuwepo duniani, wafanyakazi wasiofungua mfuniko. Mashine ikaletwa. Ikawakuta wanawake wa kweli.

Baada ya ajali walituita wote kwenye uwanja wa kupakilia magari. Meneja alipanda juu ya kreti. Alisema anasikitika. Alisema kiwanda ni familia. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayempaka mgonjwa dawa, kwamba uchunguzi umeonyesha mfanyakazi alikiuka marufuku, na kwamba uzembe wa mmoja ni msiba wa wote. Kibao cha marufuku kitapakwa rangi upya, herufi kubwa zaidi.

"Nyekundu," akaongeza.

Mwanamke mmoja wa kukanda akanong'ona nyuma yangu, "Ipake mpaka paa, tutakwangua lini?" Wenzake wakamziba mdomo. Msimamizi alikuwa anatazama viatu vyake.

Walipotawanyika nilimfuata fundi wa mashine, mzee anayependa kujibu maswali kwa sababu hakuna anayemuuliza. Nikamuuliza mashine ina hitilafu gani.

"Haina."

"Imekata mtu, haina hitilafu?"

"Binti, mimi nimeipima. Inafanya kila ilichoambiwa, tena kwa adabu. Umeme ukirudi iendelee, imeendelea."

"Na ile ambayo haikuambiwa?"

"Hiyo nenda kaulize waliokaa vitini. Mimi nafunga nyaya." Akakuna kichwa kwa bisibisi. "Ila ukitaka kusikia ukweli wangu, kukagua mfuniko umeme ukirudi si kazi ngumu. Kinachokagua tayari kimo ndani. Kinangoja tu kuambiwa."

Kinangoja kuambiwa. Nilirudi kufungasha, nikafunga mikate vibaya, mfuko ukapasuka, msimamizi akaja. Nilidhani ananigombeza. Kumbe alikuja na habari nyingine. "Wewe si una macho? Umeona miaka yote shangazi yako anavyofanya. Jumatatu utaanza kukanda, kwenye ile mpya. Tajiri ameona tusitafute mbali." Alisema kama ananipa nishani.

Nikamuuliza nitakwangua saa ngapi.

"Usianze maneno," akasema.

"Nauliza kazi."

"Utajua kama wenzako wanavyojua." Akaondoka haraka. Kikwangulio cha shangazi kilikuwa bado kimening'inia msumarini, na hakukigusa.

Kwa hiyo Jumapili hii, kaka alipokuja na mfuko wa machungwa na kompyuta yake, mimi nilikuwa nimeshaiva. Shangazi alikuwa amekaa mezani anafundisha mkono wa kushoto kumenya chungwa. Ganda lilikuwa linatoka vipande vidogo kama kucha. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanipiga jicho. Nikaurudisha.

Kaka alimuuliza habari za maumivu, akamuuliza habari za dawa, akasema daktari ni mzuri. Kisha akafungua kompyuta, kwa maana tajiri anataka maandishi yaongezwe. Mafundi watakuja kuiwekea mashine akili mpya kesho asubuhi, kabla ya zamu. Moyo wangu uliruka. Nikasema moyoni, huyu ni kaka yangu, ameelewa.

"Umefika wapi?" nikamuuliza.

"Mifuko ya unga."

"Mifuko ya unga imefanya nini?"

"Tajiri anaona unga unapotea. Anataka mashine ihesabu."

"Hebu soma."

Akasoma, bila kunitazama: "Unga ukimwagwa ndani ya pipa pungufu ya kipimo, mashine ipige kengele, na ujumbe uende kwa meneja."

"Kumbe inaweza kupiga kengele."

"Usianze."

"Sijaanza, kaka. Najifunza. Unga ukipungua, kengele. Mkono wa mtu ukiwa ndani?"

Shangazi akasema, "Mwache mwenzio afanye kazi."

"Namuuliza kazi, shangazi. Mkono ukiwa ndani, mashine ifanye nini? Isome hapo."

Kaka akavua miwani na kuipangusa kwa shati. Anapangusa miwani akitaka kudanganya, tangu alipoipata. "Unadhani ni kuandika sentensi tu," akasema. "Nikiiandika leo, kampuni itaniuliza kwa nini haikuwepo. Watafungua maandishi ya mwanzo. Wataiona ilikuwepo. Wataona nani aliifuta. Ni mimi. Jina la meneja haliko popote, yeye aliuliza swali tu. Unajua kitakachonipata?"

"Utafukuzwa."

"Nitafukuzwa, na hakuna mwingine atakayenipa kalamu. Mtu anayefuta usalama! Hiyo habari inasafiri. Na hapa nyumbani, mama hafanyi kazi tena, tutakuwa tunakula nini? Hasira zako?"

"Hasira zangu zinatosha watu wengi, nikaribishe wageni."

"Unaona? Huwezi kuongea."

"Naongea! Nani anapangusa miwani? Jumatatu nani anasimama kwenye ile mashine, wewe?"

Alikuwa hajui. Nilimwona hajui, mdomo ukabaki wazi. Akamtazama mama yake. Shangazi alijua, nilimwambia mimi, na akaniambia tutaongea, na hatukuongea.

"Wamekuweka wewe?" kaka akasema.

"Wameona wasitafute mbali."

Nilidhani hapo ndipo atakapogeuza ukurasa. Badala yake akalainisha sauti, ile sauti ya juu ya kreti, sijui huwa wanafundishwa wapi. "Basi sikiliza. Wewe usifungue mfuniko. Umeme ukikatika, kaa mbali. Ndiyo hivyo tu. Wewe ni mtu makini, si kama..."

Akajishika. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Si kama nani?" nikasema. "Malizia. Si kama nani?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Mama yako alikuwa makini kabla wewe hujazaliwa! Amekwangua mapipa mpaka ukapata hayo macho ya kioo, na hakuna siku alikatwa hata na kisu cha jikoni, mpaka ilipokuja mashine yenu isiyongoja mtu. Na nisipokwangua, vipande vikiingia kwenye mkate, nani atafukuzwa? Nikamwambie msimamizi? Msimamizi aliyenunua vikwangulio? Unaniambia nikae mbali na kazi ambayo naajiriwa kuifanya!"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani wanasema mama yako alikuwa anaongea na hawara! Hiyo haikusumbui? Meneja anasema mzembe, haikusumbui? Kinachokusumbua ni sauti yangu?"

Shangazi aliweka chungwa mezani. Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani, mzima na uliofungwa bandeji. "Inatosha," akasema. "Nyinyi ni watoto wa nyumba moja. Yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," nikasema. "Malizia methali, shangazi. Yajayo ndiyo ninayoyasema. Sitaki kurudisha vidole vyako, siwezi. Sitaki meneja aombe radhi, hataomba. Nataka sentensi ile ile aliyoiandika hapa, kwenye meza hii, kabla hajaifuta. Mafundi wanakuja asubuhi. Ikiwa imeandikwa wataiweka, isipoandikwa wataweka kengele ya unga na kwenda zao."

Kaka akaburuta kiti. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akasema kitu ambacho nitakikumbuka kila nikimwona, hata tukizeeka. Akasema, "Mimi sikuifuta kwa kupenda. Mama ndiye aliyeniambia nisiwachomee. Niliwalinda. Basi aniambie yeye. Mama akisema niandike, naandika sasa hivi, na liwalo na liwe. Akisema nisiandike, wewe usiniulize tena."

Mwanamume mzima, amesoma mpaka miwani, anaupeleka mzigo wake kwa mwanamke asiyeweza kumenya chungwa. Nilitaka kumpiga na kiti. Wakati huo huo niliona kwamba ameshaupeleka kweli, na hakuna mlango mwingine uliobaki. Nikavuta pumzi. Nikapiga magoti karibu na kiti cha shangazi, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mdogo nikitaka anisuke.

"Shangazi, hakuna atakayefukuzwa kwa kufungua mifuniko. Wote wameshajua, umelipia wewe. Na kaka akifukuzwa, mimi nitafanya kazi, nitafungasha, nitafagia, nitafua nguo za watu. Nitawalisha wote wawili. Lakini nitahitaji mikono."

Alinitazama uso, akaitazama mikono yangu iliyokuwa juu ya goti lake, kisha akamtazama mwanawe. Kaka alikuwa ameshageuza ukurasa ulipo umeme. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, vimetulia, vinangoja.

"Shangazi," nikasema, "mwambie aandike."